Fedha za Kusomea Uuguzi Chuo Kikuu: Zinapatikana Wapi, Zinapotelea Wapi

Hotuba kwa wahitimu wa kidato cha sita, wazazi, na wauguzi wenye diploma wanaotaka kusoma shahada

Ndugu wazazi na walezi, vijana wetu mliomaliza kidato cha sita, na ninyi wauguzi mliotoka zamu mkapitiliza moja kwa moja hapa: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Tumeombwa tuzungumzie mikopo na ufadhili kwa wanaosomea uuguzi chuo kikuu hapa Tanzania. Tutasema wazi tangu mwanzo jambo linalotusumbua. Kila mwaka wapo vijana wenye sifa zote za kusaidiwa wanaobaki nyumbani kwa sababu ya herufi moja kwenye cheti, au wanaoacha masomo mwaka wa pili kwa sababu familia ilipiga hesabu ya ada ikaishia hapo. Yote mawili yanazuilika, na yanazuilika mapema, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

Tuanze na hesabu yenyewe. Shahada ya uuguzi ni miaka minne darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Inatolewa Muhimbili (MUHAS), Chuo Kikuu cha Dodoma, KCMC pale Moshi, Bugando kule Mwanza, Hubert Kairuki, Aga Khan, SUZA Zanzibar na kwingineko. Ada inatofautiana sana kati ya chuo cha umma na cha binafsi, na tofauti hiyo ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hupanga mkopo wa ada kwa kuangalia viwango vya vyuo vya umma. Ukichagua chuo binafsi chenye ada kubwa, ile ziada ni ya mzazi, kila mwaka, kwa miaka minne. Hatusemi msiende vyuo binafsi. Vipo vinavyofundisha vizuri sana. Tunasema ziada hiyo iandikwe kwenye karatasi leo, izidishwe mara nne, na mzazi aitazame kabla mtoto hajathibitisha chuo.

Halafu mwanafunzi wa uuguzi ana matumizi ambayo mwenzake anayesoma uhasibu hayajui. Sare za wodini zinahitajika angalau jozi mbili, maana moja ikiwa kambani nyingine iko mwilini. Viatu viwe vya kufunika vidole, visivyoteleza. Saa iwe na mshale wa sekunde, kwa kuwa mapigo ya moyo na upumuaji huhesabiwa kwa dakika nzima na si kwa kukisia. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu: ya pili inachomwa mwezi mmoja baada ya ya kwanza, na ya tatu ikitimia miezi 6 tangu ya kwanza. Mwanafunzi anayesubiri mpaka afike chuoni anaweza kujikuta ameanza kushika sindano wodini kinga yake haijakamilika. Aanze sasa, hospitali ya wilaya. Ongezeni bima ya afya ya mwanafunzi ya NHIF, Sh. 50,400 kwa mwaka, na ada ya udhibiti ubora ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), Sh. 20,000 kwa mwaka. Hizi ni fedha ndogo, lakini asiyezilipa anakwama kwenye usajili, na asiyesajiliwa hapati mkopo hata kama jina lake limo.

Kubwa kuliko yote hayo ni nauli. Mwanafunzi wa uuguzi ana zamu za asubuhi, jioni na usiku. Anatoka wodini saa ambayo daladala zimepungua, anapanda bodaboda. Mwezi ukiisha fedha ya chakula imeliwa na barabara. Kinachofuata tunakijua. Anaanza kukosa zamu moja moja. Kitabu chake cha mazoezi, kile ambacho kila kazi aliyoifanya kwa mgonjwa inatakiwa kusainiwa na msimamizi, kinabaki na nafasi wazi: kuzalisha wajawazito hakujatimia, kuweka mpira wa mkojo hakujatimia. Saa za mazoezi zikipungua, chuo kinamzuia mtihani au kinampa matokeo yasiyokamilika. Matokeo yasipokamilika, Bodi haina cha kuthibitisha kwamba anaendelea mwaka unaofuata, na fedha ya mwaka mpya inachelewa. Nauli ya siku chache imegeuka kuwa muhula mzima bila fedha. Kwa hiyo mzazi akituuliza asaidie wapi mtoto akishapata mkopo, jibu letu ni moja: nauli ya zamu.

Sasa tuje kwenye Bodi. Iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na ikaanza kazi mwaka 2005. Katika miongozo yake, kozi za afya, uuguzi na ukunga zikiwemo, zimekuwa kwenye kundi la kipaumbele. Kipaumbele hicho kinasaidia, lakini hakimwondolei mtu kipimo cha uhitaji. Mkopo hupangwa kwa kuangalia hali ya mwombaji: yatima, mwenye ulemavu au mwenye mzazi mwenye ulemavu, kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, aliyesomeshwa sekondari na mfadhili. Na kila hali kati ya hizo inataka karatasi yake. Kusema "sina baba" hakutoshi. Mfumo hauna macho ya kuona msiba wenu. Unaona namba ya uhakiki ya cheti cha kifo.

Hapa tukae kidogo, maana ndipo wengi wanapopotelea.

Cheti cha kuzaliwa na cha kifo vinahakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, kwa Tanzania Bara, na kwa Zanzibar ni Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Unaomba uhakiki kwa mtandao, unapandisha nakala ya cheti, unalipia, na majibu yakirudi unapata namba ya kuingiza kwenye fomu ya mkopo. Nakala iwe imepigwa vizuri. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono inarudishwa. Wale ambao mzazi alifariki miaka mingi iliyopita akazikwa kijijini bila kusajiliwa, kazi yao ni ndefu zaidi: inabidi kifo kisajiliwe kwanza, kwa barua ya mtendaji na ushahidi wa ndugu, ndipo cheti kitoke, ndipo kihakikiwe. Hiyo haifanyiki kwa wiki moja wakati wa msongamano. Anayeanza mwezi wa tano anawahi. Anayeanza dirisha likiwa wazi anacheza na bahati.

Halafu majina. Chukueni cheti cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha nne, muviweke mezani pamoja, msome herufi kwa herufi. Huku "Mwanaidi Saidi Juma", kule "Mwanahidi S. Juma". Nyumbani ni mtu mmoja, kwenye mfumo ni watu wawili. Dawa yake ni hati ya kisheria ya kuthibitisha majina, inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa, na ikishapatikana itumike kila mahali: NIDA, benki, chuo, Bodi. Msirekebishe sehemu moja mkaacha nyingine.

Kosa la tatu ni namba ya mtihani. Mwombaji anatambulika kwa namba yake ya kidato cha nne. Ukiomba chuo kwa namba ya mwaka uliorudia mtihani, na mkopo kwa namba ya mara ya kwanza, mifumo haikutani. Bodi inakuona mwombaji asiye na chuo, chuo kinakuona mwanafunzi asiye na ombi la mkopo. Aliyefanya mtihani zaidi ya mara moja aandike namba zake zote pale fomu inapouliza, na ile ya msingi iwe ileile kwenye maombi yote mawili.

Fomu yenyewe inajazwa mtandaoni, kwenye mfumo wa Bodi wa maombi ya mkopo uitwao OLAMS. Ada ya maombi imekuwa Sh. 30,000, inayolipwa kwa kumbukumbu namba ya serikali (control number), kwa simu au benki. Hakuna malipo mengine kwa mtu yeyote. Anayekuja nyumbani kusema ana jamaa yake ndani anayeweza "kusukuma" jina ni tapeli, na mkimpa fedha mmeipoteza. Ukishajaza unachapa fomu, unapeleka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji asaini na kugonga mhuri, unapeleka kwa wakili au hakimu kwa kiapo, mdhamini anasaini na kuweka picha na nakala ya kitambulisho chake. Kisha kurasa zenye sahihi zinarudishwa kwenye mfumo, na unabofya kuwasilisha. Wapo wanaokamilisha yote hayo wasibofye mwisho. Fomu yao inabaki imejaa na haijafika popote. Ingieni tena siku ya pili kuhakikisha.

Tunajua wengi mtaijazia steshenari. Hakuna ubaya, lakini mtoto akae pale mpaka mwisho. Kijana wa steshenari ana watu arobaini kwenye foleni. Ataweka namba yake ya simu na barua pepe yake ili kazi iende haraka, na nywila moja kwa wateja wote. Miezi mitatu baadaye Bodi inatuma ujumbe kwamba cheti hakisomeki, ujumbe unaingia kwenye simu ya steshenari. Namba iwe ya mwombaji mwenyewe, imesajiliwa kwa kitambulisho chake, na asiibadilishe kabla hajamaliza chuo, kwa sababu malipo nayo yanapita humo humo. Nywila iandikwe kwenye daftari la nyumbani.

Na JKT. Vijana wengi wanaripoti makambini baada ya mtihani wa kidato cha sita, na dirisha la mkopo linafunguka wakiwa huko. Simu hazipo, mawakili hawapo. Kabla hajapanda basi, mtoto aache nyumbani nakala za vyeti zilizokwisha kuhakikiwa, picha za pasipoti, nakala ya kitambulisho cha mdhamini, na jina la mtu mmoja, dada, kaka au mjomba, atakayefuatilia. Bodi imekuwa ikipeleka maofisa makambini kutoa elimu na kusaidia, lakini ofisa hawezi kukutolea cheti ambacho mama yako amekifungia kabatini.

Matokeo ya upangaji hutoka kwa awamu. Kutokuwepo awamu ya kwanza si kukosa. Tazameni akaunti ya mwanafunzi, ile SIPA, badala ya kusubiri orodha za kwenye makundi ya WhatsApp. Msidhani kila aliyepata amepata kila kipengele kwa ukamilifu: kuna ada, kuna chakula na malazi, kuna vitabu, kuna mahitaji maalumu ya kitivo, kuna mafunzo kwa vitendo na utafiti, na kila kimoja kina kiasi chake. Aliyekosa au aliyepata kidogo ana haki ya kukata rufaa dirisha la rufaa likifunguliwa, na huwa wazi kwa siku chache. Rufaa yenye nguvu ni ile inayoleta kitu kipya: cheti cha kifo kilichokuwa hakijahakikiwa, fomu ya ulemavu iliyosainiwa na daktari, barua ya mfadhili aliyekusomesha sekondari. Barua ndefu ya kueleza umaskini bila kiambatisho haibadilishi kitu, hata ikiwa kila neno ndani yake ni kweli.

Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likiingia, lipigiwe hesabu siku hiyo hiyo. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 fedha ya chakula na malazi imekuwa Sh. 10,000 kwa siku, kutoka 8,500. Kwa siku 60 ni Sh. 600,000. Tuseme mwanafunzi amepanga mtaani chumba cha Sh. 60,000, mwenye nyumba anataka miezi sita: 360,000 imeondoka. Inabaki 240,000, yaani Sh. 4,000 kwa siku kwa chakula, nauli, vocha na sabuni ya kufulia sare. Ndiyo maana tunasisitiza kuomba bweni la chuo mapema, hata kama chumba cha mtaani ni kizuri zaidi. Tena fedha hizi zinasainiwa kwa mfumo wa kidijitali, na kuna muda wa kusaini. Aliye kwenye mazoezi wilayani, mbali na chuo, amwachie ofisa mikopo wa chuo taarifa ya mahali alipo kabla hajaondoka. Fedha isiyosainiwa hurudi. Na anayerudia mwaka kwa kufeli asiweke mkopo wa mwaka huo kwenye mipango yake.

Nje ya mkopo upo Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka 2022/2023 kwa waliofaulu kwa kiwango cha juu masomo ya sayansi kidato cha sita na kujiunga na sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na elimu tiba. Huu ni ufadhili, haurudishwi, na hutolewa kwa ufaulu, kwa hiyo hata mtoto wa mwenye uwezo anaweza kuupata. Taasisi ya NMB nayo ina Nuru Yangu, kwa wanaofaulu vizuri kutoka familia zisizo na uwezo. Kwa Zanzibar ipo bodi yake ya mikopo ya elimu ya juu, na Mzanzibari aulize huko kabla ya kukimbilia Dar es Salaam. Ufadhili wa nchi za nje, kama Hungary na China, hutangazwa kupitia Wizara ya Elimu. Kwa uuguzi ongezeni swali moja: shahada hiyo itatambuliwa na TCU na Baraza la Uuguzi na Ukunga ukirudi? Ulizeni Baraza kabla ya kuondoka, kwa maandishi.

Kuna chanzo kingine ambacho watu wanakidharau: parokia, msikiti, chama cha ushirika, SACCOS ya mzazi, mwajiri wa shangazi. Hawa hawawezi kulipa miaka minne. Wanaweza kuziba pengo. Lakini wanaombwa vibaya. Barua inasema "naomba msaada wa masomo", basi. Mtoa msaada hajui ni laki moja au milioni tano, anaiweka pembeni. Barua iandikwe hivi: nimedahiliwa chuo fulani, shahada ya uuguzi, mwaka wa kwanza. Gharama za mwaka ni hizi, zimeambatishwa kutoka chuoni. Mkopo niliopangiwa ni huu, nakala ipo. Familia inatoa kiasi hiki. Pengo ni Sh. 480,000, nalo ni sare, vifaa na nauli ya zamu kwa mihula miwili. Fedha ya ada ilipwe moja kwa moja kwa kumbukumbu namba ya chuo. Ukurasa mmoja, namba ya simu ya ofisi ya chuo chini. Mwisho wa muhula rudisha matokeo kwa aliyekusaidia, hata kama hakuyaomba.

Kwa wazazi wakulima, neno moja la kalenda. Vyuo hufungua Oktoba au Novemba, na korosho ya kusini ndipo inapoanza kuuzwa. Fedha ya mauzo inaweza kuingia baada ya usajili. Vyuo vingi hukubali ada kwa awamu, lakini mwanafunzi aandike barua ya kuomba kabla ya tarehe ya mwisho. Akiandika baada yake anaonekana mdaiwa.

Sasa wauguzi wenye diploma. Ninyi njia yenu ni nyingine, na wengi mnapotea kwa kufuata ya wadogo zenu. Ili kudahiliwa mnahitaji namba ya uthibitisho wa tuzo, AVN, kutoka NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Iombeni mapema, kwa sababu chuo mlichosoma lazima kiwe kimewasilisha matokeo yenu. Kuhusu mkopo, miongozo ya Bodi imekuwa ikiweka ukomo wa umri wa miaka 35, ukomo wa miaka mitano tangu kumaliza kidato cha sita au diploma, na sharti la kutokuwa na ajira rasmi. Someni mwongozo wa mwaka mnaoomba. Muuguzi aliyeajiriwa asifiche ajira yake, kwa kuwa michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii inaonekana.

Mtumishi wa umma atumie njia ya mwajiri: awe amethibitishwa kazini, jina liingizwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, apate ruhusa ya masomo yenye sahihi ya mkurugenzi, ndipo aende. Mwenye ruhusa huendelea kupokea mshahara, na mshahara huo ndio ufadhili wake mkubwa. Anayeondoka bila barua, hata kama mganga mfawidhi amemwambia kwa mdomo "nenda tu", anahesabiwa mtoro na anaweza kupoteza kazi akiwa mwaka wa pili. Kwa asiyeweza kuacha kituo, Aga Khan imeunda mpango wa kutoka diploma hadi shahada unaomruhusu muuguzi kuendelea na kazi, na chuo kina utaratibu wake wa msaada wa kifedha. Ombi la msaada huo liende pamoja na ombi la udahili.

Mwisho ni urejeshaji, maana mkopo si zawadi. Muda wa kuanza kulipa ni miezi 24 baada ya kuhitimu. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi: kwenye kila milioni moja, Sh. 150,000. Mwajiri anatakiwa kuitaarifu Bodi ndani ya siku 28 tangu amwajiri mnufaika, na kwenye hospitali binafsi ndogo hilo husahaulika. Muuguzi apeleke taarifa mwenyewe. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa, kwa hiyo deni halivimbi kama zamani. Anayepata kazi Oman, Saudia au Uingereza anaondoka na deni lake, na analipa akiwa huko huko kwa kumbukumbu namba. Hifadhini risiti zote, na kila mwaka mlinganishe makato ya kwenye hati ya mshahara na salio la Bodi. Tofauti ya mwezi mmoja hurekebishwa kwa barua moja, ya miaka mitano inataka kukusanya hati 60 za mshahara. Salio likifika sifuri, ombeni hati ya kumaliza deni, mmpelekee mhasibu wa hospitali ili makato yasimame mwezi huo huo.